Ufa kwenye kona ya dirisha
Wasikilizaji wetu wa Ibanda, wengi wenu mnakumbuka tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoitikisa Bukavu. Tofali likigandamizwa hubeba mzigo mkubwa; likivutwa, hupasuka ghafla. Tetemeko huusukuma ukuta huku na huku, na mvutano hujikusanya kwenye kona za madirisha. Ufa huanzia hapo. Tofauti na tofali, chuma kilichofungwa ndani ya zege hurefuka na kupinda kwanza, kabla ya kukatika, na nafasi hiyo fupi huokoa watu. Tafadhali, msiufiche ufa kwa rangi! Kila mtikisiko mdogo waweza kuurefusha. Wekeni alama ya penseli kwenye ncha yake, andikeni tarehe. Ufa ukivuka alama, hameni chumba hicho, kisha mwiteni fundi.