CHOMBO CHA KUSIKILIZIA MOYO: TUNUNUE KWA MASIKIO, SI KWA MACHO

(Hotuba ya mjumbe wa karakana katika mkutano wa tawi)



Tawi letu limekata shauri kumnunulia muuguzi wa chumba chetu cha huduma ya kwanza stethoskopu, yaani chombo cha kusikilizia moyo. Mimi si daktari. Lakini fedha ni za michango yetu, na kamati ilinituma niwaulize wanaojua, kisha niwaelezeni.

Wazee wetu wa reli walikuwa wakigonga gurudumu kwa nyundo. Gurudumu zima lililia vizuri. Lenye ufa mlio wake ulikufa. Moyo nao una milio yake. Mlio wa kwanza ni wa milango miwili ya ndani inapofunga. Wa pili ni wa milango ya mishipa mikubwa inapofunga. Mlango ukivuja, au usipofunguka sawasawa, damu hupita kwa mvumo.

Homa ya rumatiki, ambayo hufuata maumivu ya koo yasiyotibiwa, huiharibu milango hiyo kwa watoto wetu, na katika Afrika maradhi haya hayajaisha. Mvumo wenyewe waweza kuwa mdogo sana. Chombo kikiwa kibovu hausikiki, na mtoto hurudishwa nyumbani kwamba ni mzima. Ndiyo maana nasema tusinunue ovyo.

Wala tusidanganywe na kung'aa. Daktari Mfaransa René Laennec alipoanzisha kazi hii mjini Paris mwaka 1816, alikunja karatasi ikawa bomba, akasikia moyo. Basi tutazame mambo haya:

Kwanza, vizibo vya masikio. Viwe laini, vizibe sikio barabara bila kuumiza. Vikivaliwa vielekee mbele, upande wa pua, maana ndivyo tundu la sikio lilivyo. Hewa ikipenya, sauti imepotea.

Pili, mpira. Uwe mnene, usiwe mrefu kupita haja, usiwe na ufa. Ninyi mnaounga mipira ya breki mnajua jinsi tundu dogo linavyoharibu kazi yote. Ikiwa mipira ni miwili, isisuguane, maana msuguano nao una kelele yake.

Tatu, kichwa cha chuma kinachowekwa kifuani. Upande wenye kiwambo husikiliza sauti nyembamba. Upande ulio kama kengele husikiliza sauti nzito, nao huwekwa polepole bila kukandamizwa. Mvumo wa mlango wa ndani usiofunguka sawasawa ni mzito, hivyo kiwambo cha kawaida peke yake chaweza kuukosa. Vipo pia vyombo vya upande mmoja vinavyofanya kazi zote mbili: ukigusa kidogo husikia sauti nzito, ukikaza husikia nyembamba. Hivyo navyo vyafaa. Kwa watoto wadogo kinatakiwa kichwa kidogo.

Vyombo vya umeme vinavyokuza sauti vyaweza kumsaidia mwenye masikio mazito, lakini bei yake ni kubwa na vinataka betri au chaji. Muuguzi wetu anasikia vizuri.

Nne, kujaribu. Muuguzi mwenyewe aende dukani pamoja na mweka hazina. Avijaribu viwili au vitatu kwa mtu mmoja, juu ya ngozi wala si juu ya shati. Kinachosikika vizuri zaidi ndicho tuulize bei yake, na kama vizibo na kiwambo cha akiba vinapatikana. Chombo cha rahisi kisichosikika ni ghali, ndugu zangu.

Kikisha nunuliwa, kifutwe kwa spiriti baada ya kila mgonjwa, wala kisiachwe juani, maana mpira hukauka ukapasuka.

Tena tusisahau kwamba chombo hiki hakitibu. Kazi yake ni kutuonya. Atakayesikika mvumo apelekwe hospitali akapimwe moyo kwa mashine, asiambiwe tu apumzike.

Ndugu Mwenyekiti, hilo ndilo pendekezo langu. Naomba lipigiwe kura leo.