Barabara ya Mkulima Katika Makisio ya Fedha

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wanachama, Kabanga, katika sherehe ya kutimiza miaka 10



Tumeombwa kusema habari za barabara. Habari za mizani na malipo mtazisoma katika kurasa nyingine za kitabu hiki.

Kila aliyefika hapa leo ameiona barabara ya lami ipitayo Kabanga kwenda mpakani Kobero. Ina sifa zake na mashimo yake, nayo malori yaendayo Burundi huyajua yote mawili. Lakini gunia la kahawa halianzi safari yake juu ya lami. Huanza shambani, likateremka bondeni kwa pikipiki, likavuka kalvati, likapanda kilima cha pili hadi ghala la chama cha msingi. Mvua ikilivunja kalvati lile moja, mwenye pikipiki huongeza nauli, na nauli hiyo hutoka mfukoni mwa mkulima, si mwa mnunuzi.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Tangu tarehe 1 Julai 2017 barabara za wilaya ziliondolewa mikononi mwa Halmashauri, zikakabidhiwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA. Jambo hilo lilitangazwa wazi. Hata hivyo sisi, kwa muda usio mfupi, tuliendelea kupeleka malalamiko mahali pa zamani, tena kwa maneno makali. Tulijibiwa kwa adabu, na njia zikabaki vile vile. Tulikuwa tukibisha hodi katika nyumba ambayo mwenyewe amekwisha kuhama.

Na fedha hutoka wapi? Hutoka kwetu. Katika bei ya kahawa mna ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Huo huingia katika Halmashauri. Tena kila anunuaye petroli huchangia Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Yule kijana wa pikipiki, asiyepata kulisikia jina la Mfuko, hulipa kila asubuhi.

Kwa miaka mingi Mfuko huo uligawanywa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 kwa barabara za wilaya. Zile za kwanza ni kama kilometa 36,000. Za pili zimezidi 100,000. Ni kweli kwamba lami ni ghali na malori ni mazito. Lakini tazameni hesabu hiyo, Ndugu, nanyi mtafahamu kwa nini greda huonekana kwenu mara moja, kisha likapotea.

Wako wasemao kwamba miji ikuayo ipewe kwanza. Hutaja Dar es Salaam, ambako mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300, na mitaa mingi ya Kinondoni, Ilala na Temeke ikapata lami. Hapa kwetu pia, tangu Serikali ilipotia sahihi mkataba wa nikeli mwezi Januari 2021, maneno ya viwanja na mitaa mipya yamekuwa mengi. Hatuwapingi. Watu wa mjini ndio wanunuzi wa ndizi na maharage yetu. Twapinga jambo moja tu: mji kutangulia kwa sababu wakazi wake hukaa karibu na chumba cha mkutano.

Wanachama wengine walitoa shauri kwamba tukate sehemu ya ziada yetu, tujenge makalvati wenyewe. Shauri hili lilitugawanya. Sisi wa ofisini twalikataa, na sababu twaisema hadharani: mkulima amekwisha kulipa mara mbili, na kumlipisha mara ya tatu ni kuwafundisha wapangaji wa makisio kwamba twaweza kukaa bila wao. Ila kuzibua mifereji kwa majembe kabla ya masika ni kazi yetu. Na aliyepanda migomba ndani ya mfereji wa barabara (wapo, tena wengine wameketi mstari wa mbele) asiwe wa kwanza kulalamika.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, bali makisio huandaliwa miezi mingi kabla, tangu katika mkutano wa kijiji. Aendaye mwezi Juni huyakuta yamekwisha fungwa. Kwa hiyo msimu huu kila chama cha msingi kitaandika, kwa kila njia mbovu, jina la mahali, magunia yaliyopita, siku ambazo njia ilifungwa, na nauli iliyoongezeka. Nakala moja itakwenda TARURA, moja kwa Diwani, moja itabaki kwetu.

Madaftari yako juu ya meza ya mhasibu, karibu na mlango. Kila katibu achukue moja na kutia sahihi kabla ya kwenda kula.