Kuchagua Shahada ya Uzamili ya Afya: Tuanze na Kazi, Chuo Kifuate

Mada kwa watumishi wa afya wa Bagamoyo na ukanda wa pwani kaskazini ya Dar es Salaam



1. Utangulizi

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, swali linalovuma vituoni kwetu, kuanzia Bunju hadi Kiwangwa, ni moja: "Niombe chuo gani?" Hoja ya mada hii ni kwamba swali hilo linatangulizwa kabla ya zamu yake. La kwanza ni hili: ukishahitimu, utafanya kazi gani ambayo leo huwezi kuifanya? Ukilijibu hilo, shahada itajulikana, na shahada ikijulikana, vyuo vya kuviomba vitabaki vichache.

2. Njia tatu zisizofanana

Njia ya kwanza ni ubingwa. Daktari aliyemaliza shahada ya udaktari na mwaka wa mafunzo kwa vitendo, akasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, anaweza kusomea uzamili wa tiba kwa miaka mitatu au zaidi kutegemea fani. Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza ndiko wengi wetu huelekea. Wanaotaka upasuaji wana mlango mwingine pia: Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999, ambako mafunzo hufanyika katika hospitali zilizoidhinishwa. Wauguzi nao wana ubingwa wao. Muhimbili, kwa mfano, hufundisha uzamili wa ukunga na afya ya wanawake, afya ya akili, na uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi.

Njia ya pili ni afya ya jamii. Hii inamfaa anayetarajia kupanga bajeti ya dawa, kusimamia chanjo, kusoma takwimu za vituo na kuketi kwenye timu ya uendeshaji wa huduma za afya ya halmashauri. Ipo mikondo ya watendaji, wanaosoma huku wakiendelea na kazi.

Njia ya tatu ni sayansi na utafiti: epidemiolojia, takwimu za tiba, parasitolojia, famasia, sayansi za maabara. Hapa hatuna haja ya kutazama mbali. Taasisi ya Afya Ifakara, yenye tawi lake hapa Bagamoyo, imeshirikiana na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha kuendesha uzamili wa utafiti wa afya ya jamii.

Anayechanganya njia hizi hulipa gharama. Daktari anayependa kushika wagonjwa akichukua afya ya jamii kwa kuwa tu ni fupi, atarudi na cheti ambacho hakimfanyi kuwa bingwa wa watoto wala wa akina mama, na mezani atakuta mafaili. Vilevile aliyezoea kupanga na kusimamia huchoka mapema na zamu za usiku wodini, hata kama jina la ubingwa linampendeza. Tabibu mwenye stashahada naye ajue kwamba sharti apitie shahada ya kwanza ndipo afikirie uzamili.

3. Funzo la chanjo ya malaria

Tuna mfano wa nyumbani. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2014 chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, kwa watoto 15,459. Tanzania ilikuwa na vituo viwili: Korogwe na Bagamoyo. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza itumike kwa watoto wa Afrika. Chanjo iliyofuata, R21, nayo ilijaribiwa hapa Bagamoyo, ikapata pendekezo la Shirika hilo Oktoba 2023.

Tujiulize ni nani waliofanya kazi ile. Alikuwapo daktari wa kumpima mtoto mwenye homa, na mtaalamu wa maabara wa kuhesabu vimelea kwenye slaidi chini ya hadubini. Alihitajika mfamasia wa kuhakikisha jokofu la chanjo halitoki kati ya nyuzi 2 na 8, muuguzi wa kumweleza mama fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, na mtakwimu wa kutenganisha kinga ya kweli na bahati. Hakuna shahada moja inayotoa watu wote hao. Kila mmoja alikuwa na nafasi yake, na nafasi ya mmoja haikuzibwa na cheti cha mwingine.

Maswali bado yapo. Kichocho, matende na mabusha ni maradhi ya pwani yetu. Anayefanya kazi Yombo au Fukayosi anakaa jirani na mada ya tasnifu kuliko aliye Upanga, iliko Muhimbili.

4. Mambo ya kuhakiki kabla ya kujaza fomu

(a) Ithibati. Hakikisha Tume ya Vyuo Vikuu inaitambua programu yenyewe, si chuo peke yake. Kwa masomo ya nje, uliza utaratibu wa kutambuliwa kabla ya kulipa ada. Kisha uliza baraza la taaluma yako kama litakusajili kwa sifa hiyo mpya.

(b) Mwajiri. Uliza kama fani hiyo imo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri na kama muundo wa utumishi una cheo chake. Ruhusa iwe ya maandishi. Kuondoka kituoni bila ruhusa ni utoro, hata kama umekwenda darasani.

(c) Fedha. Hesabu ada, gharama za utafiti na matunzo ya familia kwa muda wote wa masomo. Wizara ya Afya hufadhili masomo ya ubingwa na ubingwa bobezi. Fuatilia matangazo yake mapema.

(d) Msimamizi. Masomo ya darasani yana ratiba, lakini tasnifu haina anayekusukuma. Uliza waliotangulia walimaliza kwa muda gani, msimamizi anajibu baada ya siku ngapi, na kibali cha maadili huchukua muda gani.

(e) Umbali. Kutoka Bagamoyo hadi Muhimbili ni kilomita kama 70, na foleni ya Tegeta hadi Mwenge haina huruma. Aliyetoka zamu ya asubuhi asijidanganye kwamba atawahi kipindi cha jioni Upanga kila siku.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila mtumishi aandike kwa sentensi moja kazi atakayoifanya baada ya kuhitimu, kisha amwonyeshe mtu anayeifanya kazi hiyo sasa. Pili, halmashauri zibandike hadharani orodha ya fani zenye upungufu, ili watu wasome kinachohitajika. Tatu, taasisi za utafiti zilizo kwetu ziwafungulie watumishi wa zahanati na vituo vya afya milango ya mafunzo mafupi, wapate kuionja kazi ya utafiti kabla ya kuiingia.

Ndugu washiriki, nawaomba msijaze fomu yoyote mwaka huu kabla ya kuiandika sentensi hiyo. Asiyeweza kuiandika asubiri dirisha lijalo. Hatakuwa amepoteza kitu.