Dawa ya Kukausha Kidonda: Mazungumzo na Wakazi wa Kiwira



Katika maduka ya dawa ombi moja husikika mara kwa mara: "Nipe dawa ya kukausha kidonda." Mteja amejikata kwa panga akipunguza majani ya migomba, au jembe limemparua mguu katika shamba la viazi. Ni siku ya pili. Kidonda kimevimba, kina joto, kinauma na kinatoa majimaji. Hununua kapsuli za rangi mbili, akazifungua na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Nataka tuitazame siku hiyo ya pili, kwa kuwa ndipo mnunuzi anapopoteza fedha yake kwa kuogopa jambo lisilo ugonjwa.

Ngozi inapokatika, mishipa midogo ya damu hujibana na damu huganda. Baadaye mishipa hiyo hutanuka, maji ya damu hupenya kwenye kuta zake, na chembechembe nyeupe za damu huwasili ndani ya saa chache. Zile za kwanza humeza bakteria. Zinazofuata, siku ya pili au ya tatu, huondoa mabaki ya nyama iliyokufa na kuita seli zinazojenga nyama changa. Joto, uvimbe na maumivu hutokana na kazi hiyo, na katika kidonda kidogo kilichosafishwa hupungua kadiri siku zinavyopita. Vitabu vingi hutaja pia wekundu, lakini waandishi wake walitazama zaidi ngozi nyeupe. Katika ngozi zetu wekundu huo huweza kuonekana kama weusi uliokolea, au usionekane kabisa. Osha mikono, kisha gusa pembeni mwa kidonda kwa mgongo wa kiganja na ulinganishe joto lake na mguu au mkono wa pili.

Na bakteria je? Wamo. Ngozi yenye afya haikosi bakteria, na takriban mtu mmoja kati ya watatu hubeba puani stafilokokasi, aina ile ile inayoleta majipu. Kidonda hupona bakteria wakiwamo, ilimradi mwili unawamudu.

Kapsuli imetengenezwa ili imezwe. Unga wake haukuandaliwa kuwekwa juu ya nyama iliyo wazi; huweza kuleta mzio, na hufanya gamba gumu ambalo usaha hujificha chini yake. Zaidi ya hayo, bakteria walioonja dawa kidogo bila kufa ndio wanaobaki na kuzaliana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo hilo katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Usugu wa namna hiyo haubaki kwa aliyeutengeneza: huhamia kwa mtoto wa jirani, ambaye siku akiugua kweli, dawa ile ile haimsaidii.

Osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, toa mchanga wote, kisha kifunike kwa shashi au kitambaa safi na ukibadilishe kikilowa au kuchafuka. Hata hilo neno "kukausha" linatupotosha. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa vidonda vya nguruwe, kwamba ngozi huota haraka zaidi katika kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu kuliko kilichoachwa kikauke. Majivu, udongo na kinyesi cha ng'ombe visikaribie kabisa, kwani mbegu za pepopunda huishi humo, nasi tunalima kwa samadi. Aliyechomwa na msumari au kukatwa na jembe lenye udongo aende kituo cha afya kuulizia chanjo ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo.

Zipo siku ambazo mtu hapaswi kusubiri. Ikiwa uvimbe na maumivu vinaongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, usaha mzito au harufu mbaya inatoka, michirizi inapanda kutoka kwenye kidonda, mtoki umetokea kinenani au kwapani, au homa imeanza, bakteria wameuzidi mwili nguvu. Hapo antibiotiki huweza kuhitajika, nayo ichaguliwe na tabibu na dozi itumike kama alivyoelekeza. Mwenye kisukari asingoje dalili hizo; kwake hata kidonda kidogo cha mguu kionwe na mtaalamu mapema.

Ukifika dukani, mweleze muuzaji umeumia lini, kwa kitu gani, na hali inaelekea wapi, kabla ya kutaja jina la dawa. Akikupa kapsuli mbili tatu zilizofungwa kwenye karatasi, bila maelezo wala tarehe ya mwisho wa matumizi, zikatae. Unaweza pia kutoa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ofisi ya kanda iliyopo Mbeya.

Sasa nakaribisha maswali, na mwenye kidonda asione haya kukionyesha.