Haipo na Haipa: Ufundishaji wa Viungo vya Istilahi za Tiba katika Vyuo vya Afya

Kwetu wakufunzi, maana ya kiambishi awali, mzizi na kiambishi tamati haina haja ya kutuchelewesha. Mwanafunzi akishajua kwamba -ektomi ni kukata na kuondoa, nefrektomi haimsumbui, maana anajua ni figo linaloondolewa, wala histerektomi, ambayo ni mji wa mimba. Faida hiyo haina mjadala.

Kinachotukwaza mwaka hadi mwaka ni viambishi awali viwili vinavyopingana kwa maana huku vikikaribiana mno kwa sauti. Vinywani mwetu kimoja ni haipo-, yaani chini au pungufu; kingine ni haipa-, yaani kupita kiasi. Tofauti yote imebebwa na irabu moja isiyo na mkazo, ndani ya neno refu linalotamkwa haraka wakati wa kukabidhiana zamu wodini. Haipoglaisemia ni sukari ya damu kushuka, kwa mgonjwa wa kisukari chini ya milimoli 3.9 kwa lita, na huduma yake ya kwanza ni kumpa sukari. Haipaglaisemia ni sukari kupanda, na huenda ikahitaji insulini. Mgonjwa ambaye sukari yake imeshuka, akichomwa insulini, anaweza kuzimia na kufa. Potasiamu nayo ni vivyo hivyo: kumwongezea kwa mshipa mgonjwa mwenye haipakalemia, yaani potasiamu iliyopanda, kunaweza kusimamisha moyo wake. Inasikitisha basi kwamba bado tunalipima jambo hili kwa maswali ya kuoanisha safu A na safu B, ambayo jicho huyajibu bila sikio kuhusika.

Wanafunzi wamejitafutia njia: haipo- maana yake "haipo". Inakumbukwa upesi, na haifai kuidharau. Lakini inapanda kosa jingine, kwa kuwa sukari iliyoshuka ipo, imepungua tu, na sindano ya haipodemiki imeitwa hivyo kwa sababu huingia chini ya ngozi. Wapo wanaosema viungo hivi vya istilahi viachwe kabisa, kwani hudanganya: anemia kwa viungo vyake ni kutokuwa na damu, na malaria kwa Kiitalia ni hewa mbaya, jina lililobaki hata baada ya Ronald Ross kuwaona vimelea ndani ya mbu mwaka 1897. Ni kweli, ila hilo linaonyesha tu kwamba kiungo hutoa dokezo, na dokezo huhitaji kuthibitishwa. Wengine wanahofu kwamba kuingiza maana za Kiswahili kando ya istilahi hizi kutadhoofisha Kiingereza cha kufundishia. Hofu hiyo ingekuwa na uzito kama tungekuwa tunabadilisha istilahi. Tunachoomba ni kuiongezea maana: "upungufu wa damu" unaeleza hali ya mgonjwa kwa usahihi kuliko anemia yenyewe.

Bila kuingilia mamlaka ya wanaosimamia mitaala, inapendekezwa jozi hii ya haipo- na haipa- itahiniwe kwa imla, mwanafunzi asikie na kuandika. Inapendekezwa pia kila anayetamka haipo- au haipa- wodini aongeze papo hapo "imeshuka" au "imepanda", pamoja na namba na kipimo chake. Fomu za kukabidhiana zamu ziwe na nafasi ya maneno hayo. Orodha ndefu za viungo zisikaririshwe muhula wa kwanza kabla mwanafunzi hajaona wagonjwa. Maswali ya kuoanisha yapunguzwe. Na mkufunzi anayesahihisha asitoe hata nusu alama kwa aliyeandika haipa- mahali pa haipo-, hata kama sehemu nyingine zote za neno ni sahihi.