Mteja Anaporudi na Lawama



Tumeombwa tuseme machache kuhusu biashara, nasi hatuna ujuzi wa jambo jingine ila kunyoa. Ukoo wetu ulinyoa Gujarat kabla ya kuvuka bahari kuja Mombasa, na marehemu baba alituachia viti viwili, kinoo, na kipande cha shabu cha kuzuia damu pale wembe unapoteleza.

Lawama nyingi za mteja ni nyepesi. Akisema kisogo kimenyolewa juu mno, hatubishani naye. Twamrudisha kitini, twalinganisha, na fedha hatupokei, nywele zitaota.

Lakini yapo makosa yasiyofutwa na kuota kwa nywele. Miaka mingi iliyopita mama mmoja jirani alituletea mwanawe, kichwa kimejaa mapunye, akasema ameyapata kwetu. Duka lilikuwa limejaa watu. Tulimjibu kwa ukali kwamba watoto huambukizana shuleni. Jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo lilikuwa baya zaidi, maana tulijificha nyuma yake. Yule mama hakusema neno. Alimfunika mtoto kichwa kwa kanga, akaondoka.

Usiku ule tuliifungua mashine. Katikati ya meno yake mlikuwa na vipande vya nywele za vichwa tusivyovijua idadi, vimeshikamana kwa mafuta. Kesho yake tulikwenda nyumbani kwake, tukakiri kosa mbele ya mumewe, tukagharimia daktari. Mapunye hayaponi kwa kupaka dawa tu. Mtoto alimeza vidonge kwa majuma kadhaa. Fedha ile haikutuuma kama kuubisha ule mlango.

Tangu siku hiyo, kila kichwa kikiisha, meno ya mashine husuguliwa kwanza kwa brashi, kwani dawa haipenyi penye nywele na mafuta, ndipo hutiwa dawa ya kuua vijidudu. Wateja wenye haraka hunung'unika, nasi twawaacha wanung'unike. Wazee wa pwani husema kinyozi hajinyoi. Sisi twaongeza kwamba kisogo chake hukiona mteja.

Mtoto yule sasa ni baba, naye hutuletea wanawe. Kabla ya kuwakalisha kitini huomba kuiona mashine, nasi twaifungua mbele yake.