Deni Linapotushinda, Twende kwa Nani?

Masomo: 2 Wafalme 4:1-7, Nehemia 5:1-13

Tunawasalimu ninyi mlio hapa Bunia, na ninyi mliokimbia vita mkiwa bado katika kambi.

Leo tunasema juu ya jambo ambalo hatulisikii wakati wa ushuhuda: deni. Tunajua mwimbaji aliyeacha kwaya kwa sababu mdai wake anaketi katika kanisa lile lile. Tunajua baba anayetoka nyumbani kabla ya jua ili mdai asimkute mlangoni. Tunajua mama aliyekopa dola 100 anunue samaki Kasenyi. Vita ikafunga njia, samaki wakaoza. Akakopa mahali pengine alipe deni la kwanza, kisha pa tatu alipe la pili. Mama huyo si mvivu. Amekamatwa.

Mjane wa 2 Wafalme 4 alikamatwa vivyo hivyo. Mume wake alikuwa mcha Mungu, lakini alikufa na deni, na mdai alitaka watoto wawili wawe watumwa. Basi tusiseme kila mwenye deni ana dhambi iliyofichwa. Mjane alifanya nini? Alisema. Elisha hakumgombeza, wala hakumwomba sadaka. Alimwuliza ana nini nyumbani. Majirani wakaazima vyombo. Na mafuta ya muujiza yalipojaa, neno likawa: uza, lipa deni, kisha ninyi mwishi kwa kinachobaki. Hata muujiza ulipitia kwanza kwa mdai!

Basi, twende kwa nani?

Kwanza, kwa mke wetu au mume wetu. Tukae pamoja, tuandike katika daftari: tunadaiwa na nani, tulikopa ngapi, faida ni ngapi, tumekwisha kulipa ngapi. Deni la siri linakula nyumba.

Pili, kwa mdai mwenyewe, tukiwa bado njiani, kama Yesu anavyofundisha katika Mathayo 5:25. Twende na shahidi, mzee wa kanisa au mkubwa wa familia. Tuombe faida isimame na tulipe kidogo kidogo kila mwezi. Tusiahidi tusichoweza. Mapatano yaandikwe, wote watie sahihi, na kila malipo yapate karatasi yake.

Tatu, kwa ndugu: familia, kanisa, AVEC yetu. Katika AVEC faida inarudi kwa wanachama wenyewe, haiingii mfuko wa mtu mmoja. Mkopo wake unaweza kufunga deni baya, lakini kwa masharti matatu: faida yake iwe ndogo kweli, wanachama waambiwe ukweli, na deni la zamani liishe kabisa siku hiyo. Pasipo hayo, tumeongeza mdai tu.

Tusiende wapi? Tusirudi kwa Banki Lambert. Tufanye hesabu: umekopa dola 100 kwa faida ya 30 kila mwezi. Ukilipa ile faida tu miezi minne, umetoa dola 120, na bado unadaiwa 100 zile zile. Mwalimu aliyeacha kadi yake ya banki kwa mkopeshaji anafanya kazi ya nani? Tusiende pia kwa nabii anayedai mbegu ili deni lifutwe. Wala tusikimbilie Aru au Uganda na kumwacha mdhamini wetu peke yake.

Wengine wanakaa kimya kwa kuogopa gereza. Mjue hili: Agano la Kimataifa la Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambalo nchi yetu iliingia mwaka 1976, linasema katika kifungu cha 11 kwamba mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Aliyekopa kwa udanganyifu, hiyo ni habari nyingine. Lakini umaskini si kosa la gereza.

Sasa neno kwetu tunaokopesha. Siku za Nehemia, watu waliweka rehani mashamba na nyumba zao wapate ngano wakati wa njaa. Wengine walikopa walipe kodi ya mfalme. Wadai wao walikuwa ndugu zao. Nehemia alikasirika, akawakusanya wakubwa mbele ya watu, akataka warudishe siku ile ile. Wala hakujiondoa: alikubali kwamba yeye na ndugu zake pia walikuwa wakikopesha.

Sisi wachungaji nasi tusijiondoe. Wapo wenye Banki Lambert wanaoketi viti vya mbele. Tumepokea mabati yao kwa ajili ya paa la kanisa, tukanyamaza juu ya nyumba za wale waliolipa mabati hayo. Tunaomba msamaha. Ndugu mkopeshaji, ikiwa mtu amekwisha kukurudishia zaidi ya ulichompa, mrudishie karatasi yake wiki hii.

Na wewe unayedaiwa, usibaki peke yako. Mwone mzee mmoja au mama mmoja unayemwamini katika kanisa lako. Ninyi wazee na wamama, mtakayosikia yasifike mimbarini.

Tuombe: Bwana, uliyesikia kilio cha mjane, fungua vinywa vyetu tuseme, fungua mikono yetu tusaidiane. Utupe kulipa, na utupe kusamehe. Katika jina la Yesu. Amina.